Marahaba ya Fundi

Chanika, kitovu cha mji wa Handeni, ni mahali pa salamu. Mtoto anayetumwa dukani asubuhi hampiti mzee bila kumwamkia, na mzee haamkiwi akanyamaza. Akinyamaza mara moja, watu watasema ameamka vibaya. Akinyamaza wiki nzima, kuna linalomsumbua. Akinyamaza miaka, basi ana kiburi, na maneno hayo yakishazunguka mjini hayana wa kuyarudisha.

Fundi alinyamaza miaka. Hilo si jina alilopewa na wazazi, lakini ndilo analoitwa tangu ujana wake Korogwe, na wajukuu wanalijua kuliko lile la kwenye kitambulisho. Aliporudi Handeni kulima mahindi na kupanda michungwa, majirani walimkumbuka kama kijana mcheshi aliyeondoka na sanduku la mbao kwenda kutafuta kazi kwenye mkonge. Aliyerudi walimwona mwingine kabisa. Watoto walimwamkia kwa pamoja, "Shikamoo Babu!" naye akapita akitazama mbele. Kwenye baraza la kahawa alicheka baada ya wenzake kumaliza kucheka, au alicheka pasipokuwa na cha kuchekesha. Mwishowe akaacha kwenda barazani.

Hakuwa na kiburi hata chembe. Masikio yake yalikuwa yamebaki korona.

Korona hapa ni mashine ya kuchakata mkonge, na bila mashine hiyo Korogwe isingekuwa Korogwe. Mkonge uliingia pwani hii mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba yaliyofuata reli ya Tanga hadi Hale, Ngombezi, Magunga na kwingineko, yakajaa manamba kutoka kila pembe ya nchi. Kufikia 1964 Tanzania ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 230,000 za katani kwa mwaka. Fundi alifika wakati neema hiyo imeanza kupungua, baada ya mashamba mengi kutaifishwa, lakini korona zilikuwa bado zinanguruma.

Kazi yake ilikuwa kuihudumia mashine hiyo. Majani yalishushwa kwa matita, yakapangwa kwenye mkanda, yakamezwa na magurudumu mawili makubwa yenye visu butu yanayopondaponda na kuparua huku maji yakimiminika. Upande huu yaliingia majani, upande wa pili zikatoka singa nyeupe za kuanikwa juani. Baadaye alihamishiwa kwenye brashi, mashine ya kuzisafisha singa kavu kabla hazijafungwa marobota, na huko kulikuwa na kelele na vumbi pamoja. Watu walizungumza kwa mikono. Aliyetaka kuomba spana alionyesha vidole viwili, na aliyetaka kusema jambo la nyumbani alingoja king'ora cha chakula. Jioni Fundi alirudi kambini masikio yakilia nyii, nyii, na asubuhi mlio ulikuwa umeondoka. Wote walikuwa hivyo. Waliokunywa kwinini kwa malaria waliujua mlio wa aina hiyo, unakuja na kwenda zake, kwa hiyo hakuna aliyeuogopa. Kisha ikafika asubuhi ambayo haukuondoka.

Wataalamu wameweka desibeli 85 kuwa kikomo cha mtu kufanya kazi saa 8 kwa siku bila kinga, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu: kwenye 88 ni saa 4, kwenye 91 ni saa 2. Karakana ambamo mtu hawezi kumsikia mwenzake aliyesimama begani mwake imeshavuka huko. Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vinyweleo zinazogeuza mtikisiko kuwa habari ya kwenda kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya matone, mafuta ya vuguvugu wala majani yanayoweza kuzirudisha, ingawa Fundi alijaribu vyote hivyo kwa ushauri wa watu waliompenda.

Tena kelele za mashine hazizimi sauti zote kwa pamoja. Zinaanza na zile nyembamba, karibu na hertz 4,000, huku nzito zikibaki. Kwa msemaji wa Kiswahili maana yake ni kwamba irabu zinamfikia, lakini s, f, sh, t na k zinapotea njiani. Amefika, amepika, ameshika na amezika yalimfikia Fundi yakiwa kitu kimoja. Alijua kuwa mtu anasema, asijue anasema nini. Sauti ya mtoto haikufika kabisa, ila lori la mahindi likipanda kutoka Mkata alilisikia kabla ya wenzake. Hapo ndipo shutuma ya kiburi ilipopata nguvu. Lori analisikia, salamu yetu haisikii?

Kifaa chake cha kwanza alikipata akiwa ameshakuwa babu. Kilikuwa cha kuning'inia nyuma ya sikio, chenye mrija unaoingia kwenye kipande cha plastiki ndani ya sikio. Alipewa kwenye kliniki moja akaonyeshwa namna ya kukiwasha, na hapo mafunzo yakaisha. Hakuna aliyemwambia kwamba ubongo uliokaa kimya miaka unahitaji majuma kuzoea tena, na kwamba kifaa hurekebishwa zaidi ya mara moja. Alipovaa kofia kilipiga mluzi. Alipolima, jasho lilikiingia kikakohoa na kuzima. Watoto walimfuata nyuma wakichungulia. Kifaa kikaishia kwenye mkebe wa biskuti kabatini, pamoja na funguo za makufuli yasiyojulikana yalipo. Ni hatima ya vifaa vingi vya aina hiyo, na mara nyingi kosa si la mvaaji. Anayetoa kifaa asitoe muda wa kumfuatilia aliyempa ametoa nusu ya msaada.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ya redio. Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto, huduma ambayo awali iliwapeleka Watanzania India. Mtoto wa kiume wa Fundi, anayefanya kazi Dar es Salaam, alisikia habari hiyo, akaenda kuuliza kama baba yake naye anaweza kupandikizwa. Akaelezwa kuwa upandikizaji ni wa wale ambao vifaa vya kawaida haviwasaidii, na kwamba mzee anayesikia lori asisikie mtoto huenda anahitaji kitu kidogo zaidi. Akampigia simu dada yake wa Handeni amlete baba.

Fundi alipimwa ndani ya chumba kisichoingiza sauti, akibonyeza kitufe kila aliposikia mlio. Kisha mtaalamu akamwekea kipande cha sponji chenye uzi ndani ya mfereji wa sikio, akamimina silikoni laini, wakangoja igande. Ikatoka na umbo la sikio lake, kila kona yake, maana hakuna mifereji miwili inayofanana, hata ya mtu mmoja. Kwa umbo hilo vikatengenezwa vifaa viwili, chenye alama nyekundu cha kulia na chenye alama ya buluu cha kushoto, kila kimoja kikikaa kwenye ncha ya kidole na kuingia chote ndani, nje kikibaki kiuzi chembamba cha kukivutia.

Teknolojia hiyo ina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Transista ilitangulia kwenye masikio ya wasiosikia vizuri kabla ya kuingia kwenye redio za mkononi: vifaa vya kwanza vya kusikia vyenye transista viliuzwa mwishoni mwa 1952, redio ya kwanza ya aina hiyo ikafuata 1954. Mwaka 1983 Ronald Reagan, Rais wa Marekani, alionekana hadharani na kifaa sikioni, na wengi waliokuwa wakiona haya wakaenda kununua. Bill Clinton alipofikia zamu yake mwaka 1997, vya kwake vilikwishakuwa vidogo vya kuzama ndani ya mfereji. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 inasema watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiasi fulani, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Bei ndiyo inayowatenganisha. Vifaa kama vya Fundi huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi, vilivyo bora zaidi kwa mamilioni. Mkulima wa Handeni hapati fedha hiyo bila mtoto aliyeko mjini.

Siku za kwanza hazikuwa za furaha. Sauti yake mwenyewe ilimvumia kichwani kama anayesema ndani ya mtungi, kwa sababu mfereji ulikuwa umezibwa, mpaka tundu la kupitisha hewa kwenye vifaa lilipopanuliwa. Kandambili za mkewe zilimshtua. Karatasi, vijiko na mvua kwenye bati vilimchosha, na ikifika alasiri alivitoa akalala. Safari hii, hata hivyo, alikuwa ameelezwa kuwa itakuwa hivyo. Binti yake alisimamia ratiba: saa chache leo, zaidi kesho, nyumbani kwanza, kisha uani, sokoni mwisho.

Wajukuu ndio walioona kwanza. Mmoja alimwamkia kutoka mlangoni bila kutarajia jibu, kama ilivyokuwa desturi, na Fundi akaitika "Marahaba, mwanangu" huku ameinamia jembe. Mtoto akakimbilia jikoni kumwita mama yake.

Maisha na vifaa hivyo yana utaratibu wake. Usiku hutolewa, kwa hiyo adhana ya alfajiri Fundi haisikii, mkewe ndiye anayemwamsha. Wakati wa udhu huvitoa ili apanguse masikio, akavifunga kwenye leso na kuvirudisha yakikauka, asije akakosa hotuba ya Ijumaa. Kofia haiamshi tena mluzi. Kwenye bodaboda upepo haumpigii makelele sana kwa kuwa sikio lenyewe linakikinga kilichomo ndani. Simu huiweka sikioni kama watu wote. Adui mkubwa ni nta, inayoziba kitundu cha kutolea sauti, kwa hiyo kila jioni binti au mjukuu hukisugua kwa kiburashi chini ya taa. Unyevu hupambanwa nao kwa vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo familia nzima sasa inamwekea.

Betri ni shughuli nyingine. Ni zile ndogo, namba 10, zenye karatasi ya njano. Ukishaibandua karatasi, hewa huingia na betri huanza kutumika hata ukiiacha mezani, na haimalizi siku nyingi. Ya saa haifai. Fundi hajawahi kuziona zikiuzwa Chanika, kwa hiyo mwanawe huzifunga kwenye bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi Dar es Salaam. Jioni mjukuu huenda stendi kuzipokea.

Lakini kutoonekana kwa vifaa kulileta jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Kile cha nyuma ya sikio, kwa ubaya wake wote, kiliwaambia watu kuwa mzee hasikii vizuri. Hiki kipya hakisemi kitu. Betri ilipokatika katikati ya mkutano wa mtaa kuhusu maji, Fundi alikuwa ametoka kuchangia hoja vizuri kabisa, kisha ghafla akaulizwa swali na kukaa kimya. Wakadhani ameudhika. Arusini, muziki wa spika ukifunika kila kitu, alipitwa na salamu ya mkwe, na minong'ono ya kiburi ikaanza upya, safari hii ikiwa na makali zaidi: si juzi alikuwa anasikia?

Ilimuuma kuliko zamani. Alivitafuta vifaa visivyoonekana kwa ajili ya heshima yake, na sasa kule kutoonekana kunaila heshima ile ile. Alichofanya kilihitaji ujasiri ambao mwandishi wa makala haya anauheshimu sana. Barazani alikitoa kimoja, akakiweka kiganjani, akakizungusha kila mtu akione. Akaeleza betri inavyokufa bila kuaga, akawaambia wakimwona kimya wamguse bega. Siku hizi kwenye mikutano huomba kiti cha mbele, mgongo ukielekea ukutani, na katibu huanza kumtazama usoni kabla ya kusema. Watoto wa mtaani wamejifunza kumzunguka waje mbele ndipo wamwamkie.

Korogwe anakwenda mara kwa mara sasa, barabara ya lami ikiwa imeifanya safari ya kilomita 65 kuwa nyepesi. Mwaka huu alikutana Manundu, mjini humo, na wenzake watatu wa brashi, wakanywa chai wakipigiana kelele hadi mwenye mgahawa akadhani wanagombana. Fundi peke yake alisema kwa sauti ya kawaida, na hilo ndilo lililowafanya waulize. Walimchungulia masikioni kwa zamu. Mmoja alisema atauza mbuzi anunue hivyo hivyo, visivyoonekana. Fundi akamkatalia: "Wewe hata lori hulisikii, ndugu yangu. Hivi ni vya aliyebakiwa na kiasi. Chako kitakuwa kikubwa, cha nyuma ya sikio, na ukivae bila haya." Walibishana muda mrefu kuhusu hilo. Wawili wamekubali kwenda kupimwa hospitali ya KCMC, Moshi, mahindi yakishavunwa. Wa tatu sikio lake linatoa usaha, na la namna hiyo halizibwi na kifaa chochote kabla ya kutibiwa, kwa hiyo Fundi amemtaka asiyangoje mahindi.