Jiografia Chini ya Mwembe

Vijana wale watano hawakukutanishwa na urafiki. Walikutanishwa na hofu ya karatasi mbili za Jiografia, ile ya kwanza ihusuyo maumbile ya nchi na ile ya pili ihusuyo shughuli za binadamu, na pia uchache wa vitabu. Baina yao walikuwa na kitabu kimoja kamili, kingine kisicho na jalada wala sura mbili za mwanzo, na rundo la karatasi za mitihani ya miaka iliyopita zilizolainika kama kitambaa kwa kupita mikononi mwa watu. Ilikuwa Septemba mwaka 2007, muhula wa tatu, katika shule moja ya bweni ya wavulana katika uliokuwa Mkoa wa Magharibi. Mtihani wa KCSE ulikuwa ukibisha hodi.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikaa chini ya mwembe, nyuma ya maktaba. Walianza na ramani, kwa kuwa swali la ramani ni la lazima na lina alama 25, na asiyeliweza huingia chumba cha mtihani akiwa tayari amechechemea. Ramani yenyewe ilikuwa ya kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Mmoja wao, mwana wa fundi cherehani, alitoa uzi mweupe mfukoni, akaulaza juu ya barabara ya lami, akaufuatisha kila kona kwa ncha ya kidole, kisha akaunyoosha kwenye mstari wa kipimo. Wenzake wawili walitumia ukingo wa karatasi. Majibu yakawa matatu. Ubishi uliozuka ulikula nusu saa nzima, na hakuna aliyejutia nusu saa hiyo, kwani kila mmoja alilazimika kueleza mkono wake ulivyokwenda.

Lililowashinda kabisa lilikuwa suala la kuonana kwa sehemu mbili: iwapo mtu aliyesimama kwenye kilima fulani anaweza kuiona shule iliyo ng'ambo. Kitabu kilitoa maelezo ya ukurasa mzima juu ya mistari ya kontua na mchoro wa mkato, na kadiri walivyosoma ndivyo giza lilivyozidi. Hatimaye kiongozi wa kundi akamwambia mwenzake:

"Ndugu, nenda ukasimame pale mlangoni pa jikoni. Unauona mnara wa tangi la maji?"

"Siuoni."

"Kwa nini?"

"Bweni limenikinga."

"Basi hilo bweni ndilo kilima chako. Rudi tuchore."

Msomaji wa jarida hili atakuwa amekwisha kutambua kwamba mazungumzo hayo yalifanyika kwa Kiswahili. Yalikuwa mazungumzo ya magendo. Shuleni humo Kiswahili kiliruhusiwa katika vipindi vyake na siku moja ya juma. Siku nyingine, aliyeponyokwa na neno alivikwa diski shingoni hadi atakapomnasa mwingine. Lakini mwembe haukuwa na kiranja. Walielewa kwanza kwa Kiswahili, kisha kila mmoja akainama kuandika hoja zake kwa Kiingereza, lugha ya mtihani. Maarifa yaliingia kwa mlango mmoja na kutakiwa yatokee kwa mwingine. Katibu wa chama cha Kiswahili, ambaye naye alikuwamo, alishikilia kwamba mchanga na matope yanayobebwa na mto yaitwe mashapo, na wenzake walimcheka hadi wakalizoea neno lenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ila mtahiniwa wa Jiografia angali anavuka kwa daraja lile lile. Hata Tanzania, ambako watoto wa shule za msingi za umma wamesomeshwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi, lugha ya masomo hubadilika waingiapo sekondari.

Kukariri pia kulikuwapo, tena kwa mdundo. Mabwawa ya Mto Tana yaliimbwa huku debe likipigwa: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Yupo aliyeyaimba majuma mawili kabla ya kung'amua kwamba huo ndio mpangilio wa maji yenyewe yanapoteremka kuelekea baharini.

Mwenzao wa tano aliripoti shuleni akiwa amechelewa. Kwao ni Budalang'i, na Agosti ya mwaka huo Mto Nzoia ulikuwa umefurika na kuwafukuza maelfu ya watu makwao. Alirudi na nguo chache ndani ya mfuko wa plastiki. Daftari zake za miaka mitatu hakuwa nazo. Jumamosi yake ya kwanza chini ya mwembe, kwa bahati mbaya au nzuri, swali lililofuata katika karatasi lilitaka madhara manne ya mafuriko. Kiongozi alisoma majibu kutoka katika mwongozo wa kusahihisha: mimea kuharibiwa, watu kuhamishwa, magonjwa kuenea, watu na mifugo kufa. Akauliza kama kuna la kuongeza.

"Makaburi," akasema yule wa Budalang'i. "Maji yakikaa juu ya boma, hakuna pa kumzika mtu."

Kimya kikapita. Kiongozi akageuza karatasi, akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo haimo kwenye mwongozo. Huenda isipate alama." Hakuwa na nia mbaya, ndivyo alivyofunzwa kusoma.

Ndipo maneno yalipochacha. Mmoja wao alitoka pande za Kitale, na yule wa Budalang'i akamgeukia: "Maji yale yalikuwa mekundu. Yale hayakuwa maji, ulikuwa udongo wa kwenu." Mwana wa Kitale akajibu kwamba baba yake ana ekari tatu, na asipolima hadi ukingoni mwa mto watoto watakula nini? Wote wawili walisema kweli. Nzoia huanzia katika milima ya Cherangani, hupokea vijito vya Mlima Elgon, hupita katika mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia na ya miwa huko Mumias, kisha huingia Ziwa Victoria baada ya kuukata uwanda wa Budalang'i.

Katibu wa Kiswahili ndiye aliyewaokoa. Aliwachukua hadi kwenye bomba karibu na jiko, wakajenga mteremko wa udongo, wakachimba mfereji, wakafungulia maji. Juu maji yalikimbia na kukwangua. Chini, palipokuwa tambarare, yalichoka na kuutua mzigo wao. Sakafu ya mfereji ikapanda. Wakainua matuta pande mbili ili maji yasimwagike, na mashapo yakazidi kutua, sakafu ikazidi kupanda, wakainua matuta tena. Baada ya muda mto wao mdogo ulikuwa ukipita juu kuliko ardhi iliyouzunguka.

"Ndivyo," akasema yule wa Budalang'i. "Ukisimama kwenye tuta, mto uko juu, nyumba ziko chini." Akatoboa tundu dogo ubavuni mwa tuta kwa kijiti, mfano wa shimo la mnyama. Tuta lote likaenda. Mpishi naye akatoka akiwafokea kwa kupoteza maji, wakafunga bomba wakakimbia.

Waliporejea, mwana wa Kitale aliuliza hatua ngapi kutoka mtoni zisilimwe, zipandwe mabingobingo ya kushika udongo na kulisha ng'ombe. Kitabu kilikuwa na hoja ya kupanda mimea kingoni, lakini hatua hakikuzihesabu. Akaandika swali hilo nyuma ya daftari, kando ya jina la baba yake.

Swali lililofuata lilihusu Uholanzi na ardhi iliyokombolewa kutoka baharini. Walisoma juu ya tuta kuu lililokamilishwa mwaka 1932 kuifunga ghuba ya Zuiderzee, juu ya mashine za kupiga maji nje, na mazao yanayostawi palipokuwa na mawimbi.

"Na hao," akauliza yule wa Budalang'i, "matuta yao hayabomoki?"

Yalibomoka, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, usiku mmoja wa mwaka 1953, na zaidi ya watu 1,800 wakafa. Lakini hilo halikuwamo katika kurasa walizokuwa nazo, na kengele ya saa kumi ilikuwa imekwisha kulia. Walikunja ramani. Yule wa Budalang'i akaomba alale na kile kitabu kamili, kwa kuwa alikuwa na daftari tatu za kunakili upya, na kiongozi akampa bila kuwauliza wengine.