Tangi la Upepo

Safari hii siandiki mafundisho, bali habari ya klaksoni, au honi kama wasemavyo ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa. Na neno la kwanza ni hili: kosa lilikuwa langu.

Anayeijua njia ya kutoka Baraka kupanda Fizi ataelewa kwa nini dereva hutaka honi yenye sauti kubwa. Kona ni nyingi, majani huficha yanayokuja, na watu hutembea humo na mizigo ya muhogo kichwani, na baiskeli, na mbuzi. Makamyo makubwa yana breki za upepo: mota huendesha pampu, upepo hukaa katika matangi ya chuma, na honi hupewa sehemu yake. (Wako madereva wanaotoboa bomba la breki lenyewe ili kulisha honi. Kwenye mteremko mimi sitaki kupanda kamyo la namna hiyo.) Lakini mdogo wangu anaendesha motokari ndogo ya abiria, nayo breki zake ni za mafuta. Honi yake ililia kama kifaranga. Basi akanunua tarumbeta mbili za kamyo lililokufa, akaja kwangu.

“Yaya,” akasema, “wewe ulisoma seminari. Upepo niutie katika nini?”

Nikajibu upesi, kama mtu anayeona haya kusema hajui. Nikamwonyesha bomba la plastiki, nene na gumu, lililobaki katika kazi ya maji. “Hili huchukua maji ya mlimani usiku na mchana. Litashindwaje na upepo?” Akalikata, akaziba ncha kwa gundi, akalipeleka kwa fundi wa magurudumu. Saa ya kupimia upepo ilipopita bari 5, bomba likapasuka kwa kishindo, vipande vikaruka pande zote. Kimoja kilimchana shavu, upana wa kidole chini ya jicho.

Mama hakumwuliza yeye neno. Aliniuliza mimi.

Usiku ule sikulala, maana jambo lenyewe nilikuwa nimefundishwa, na katika mtihani nalilijibu vema. Robert Boyle alitangaza kanuni yake mwaka 1662: ukiubana upepo katika nusu ya nafasi yake, nguvu yake ya kusukuma huwa mara mbili. Tangi la lita 20, saa ikionyesha bari 6, lina upepo ambao nje ungejaza lita 140, kwani lazima uhesabu na bari 1 ya hewa inayotuzunguka sote. Maji hayabaniki hivyo. Bomba la maji likipasuka, maji humwagika na nguvu yake huisha papo hapo. Upepo ni kama upinde uliovutwa: ukiachiwa, hutanuka mara saba na kutupa vipande mbele yake. Tena plastiki ile hainyooki kwanza. Huvunjika kama kioo.

Tukaanza upya, safari hii kwa tangi la chuma la breki za kamyo kuukuu. Fundi wa kuchomelea alitaka kuongeza tundu kwa moto, tukamkataza. Tulitumia matundu yaliyokuwamo tangu kiwandani. Tukalijaza maji hata juu, pasibaki upepo ndani, ndipo tukaunga mpira wa pampu na kupandisha hadi bari 10. Chini, mahali kutu ilipokula, likatokea tone. Halafu la pili. Mdogo wangu alinung'unika sana, maana fedha ilikwisha kulipwa, lakini tangi lile lilitupwa. La pili lilivumilia nusu saa, kavu.

Sasa limefungwa chini ya motokari kwa mikanda ya chuma. Pampu ndogo ya volti 12, ile ya kujazia magurudumu, hulijaza polepole hadi bari 6. Kuna kilango kinachozuia upepo usirudi katika pampu, na kingine kinachofunguka chenyewe ukifika bari 7. Hicho cha mwisho tulikitafuta majuma matatu, naye akangoja, akilia kama kifaranga njiani.

Chini kabisa kuna bilula. Hewa ya ziwani ina maji mengi, nayo ikibanwa na kupoa huyaacha ndani ya tangi, na kutu huanzia huko pasipoonekana. Kila jioni, mota ikizimwa, mdogo wangu huifungua. Hutoka upepo, kisha maji kidogo. Kovu lake limebaki. Siku za kwanza nilikwenda kusimama karibu naye ili nione kama amefungua kweli. Siku hizi yeye huniita: “Yaya, njoo utazame, leo ni meupe.”