Printa si yako kama huna njia ya kuifufua

Niseme wazi. Kama umenunua printa kubwa ya biashara, zile mitumba za kutoka ng'ambo, na muuzaji hakukupa njia ya kuweka upya mfumo wake, bado hujaimiliki. Umekodisha, ni vile tu hujaambiwa kodi inaanza lini.

Watu wanadhani printa ni wino na karatasi. Hizi kubwa ni kompyuta zimevaa koti. Ndani kuna diski, na kwa diski kuna mfumo endeshi. Chukua Fiery, ile sehemu inayopokea faili na kuligeuza kuwa kitu printa inaelewa: modeli zingine zinatumia Linux, zingine Windows. Diski ikikufa, una sanduku zito sana. Na Kisumu diski zinakufa, juu stima inapotea na kurudi vile inataka.

Mwaka jana mama mmoja mwenye duka la uchapishaji hapa mjini alinipigia simu Alhamisi jioni. Kama unajua mazishi ya huku, unajua Alhamisi ni nini. Programu zenye picha ya marehemu kwa jalada lazima ziwe tayari Ijumaa, mwili ukitoka mochari, maana Jumamosi ni kuzika. Mashine yake ilikuwa imekwama kwa nembo ya mtengenezaji. Waliomuuzia walimwambia fundi atatoka Nairobi wiki ijayo, na kuweka mfumo upya ni elfu arobaini.

"Nyathina, sasa marehemu atangoja wiki ijayo?"

"Mama, wacha tutoe diski kwanza tuione."

Tulinunua diski mpya, kubwa kuliko ile ya zamani, nikachomeka zote mbili kwa laptopu yangu ya Linux. Kwanza `lsblk`, ikuonyeshe gani ni gani. Usiruke hapo. Angalia ukubwa, angalia tena, kwa sababu ukigeuza majina utaandika utupu juu ya kitu ulikuja kuokoa. Halafu:

`sudo ddrescue -f /dev/sdb /dev/sdc ramani`

Ya kwanza ni diski mgonjwa, ya pili ni mpya. Hiyo `ramani` ni faili ya kumbukumbu: ddrescue inanakili kwanza sehemu nzima, inaandika zile zimekataa, kisha inarudi kuzibembeleza. Stima ikipotea katikati, unarudia amri ileile na inaendelea ilipoachia. Ilimaliza saa nane usiku. Tukarudisha diski mpya ndani, mashine ikawaka, programu zikatoka kabla ya chai ya saa nne.

Sasa hii ndiyo inanifurahisha. ddrescue ni chombo cha GNU. Na GNU ina hasira ya printa ndani yake: mnamo 1980 maabara ya MIT kule Marekani ilipata printa ya leza ya Xerox, na Richard Stallman akanyimwa msimbo wake, hata hakuweza kuongeza kitu kidogo cha kuwaambia watu karatasi imekwama. Mwaka wa 1983 akatangaza GNU. (Chuo sikuambiwa hii. Nilikaa mihula minne, karo ikakatika, na hatukuwa tumefungua kompyuta hata moja.)

Kwa hivyo, wenye maduka pale Oginga Odinga na Kondele, msingoje nembo ikwame. Nakili diski ikiwa bado nzima, wikendi hii. Diski yenye afya, `dd` inatosha:

`sudo dd if=/dev/sdb of=/dev/sdc bs=4M status=progress`

`if` ni inakotoka, `of` ni inakoenda. Bandika karatasi juu ya nakala: modeli ya mashine na tarehe. Kisha uiweke nyumbani, si dukani.

Kuna mashine ambazo mtengenezaji amefunga diski kwa nenosiri, na hapo amri hizi hazifiki. Uliza kabla ya kulipa. Muuzaji akianza kuzungusha maneno, kuna mwingine mtaa wa pili.