Mashaka na Ushahidi

Mwanafunzi mmoja hapa Thika aliniuliza: “Mwalimu, Mtume Muhammad alifariki mwaka 632, naye Imamu Bukhari alizaliwa mwaka 810. Yawezekanaje habari ipite vinywani mwa watu muda huo wote isiharibike?” Sikumkemea. Swali lake lilikuwa la haki, na wanachuoni walimtangulia kuliuliza.

Walidai kila hadithi iletwe pamoja na isnadi yake, yaani majina ya waliopokezana. Kila mpokezi walimchungua: aliishi lini, alikutana na nani, alisifika kwa ukweli na hifadhi, au sivyo? Ndipo hadithi nyingine zikaitwa sahihi, nyingine dhaifu, na nyingine za kuzuliwa. Tena maandishi yalikuwapo. Hammam bin Munabbih, mwanafunzi wa Abu Huraira, alikusanya hadithi zipatazo 138. Nakala za kale za mkusanyo huo zilipochapishwa mwaka 1953, nyingi zilionekana zimo katika vitabu vya Bukhari na Muslim.

Basi, msomaji wangu, kuuliza si dhambi. Akubaliye kila neno na akataaye kila neno ni ndugu: wote wawili wameikimbia kazi ya kupima.