Wanja wa Kuazima

Siku niliyojipaka wanja kwa mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wanja wenyewe ulikuwa wa kuazima. Kalamu moja ilizunguka chumba kizima cha bweni: wasichana wanne, macho manane. Usiku ule nililala bila kunawa uso. Siku ya tatu kope zilikuwa zimegandamana kwa tongo, nami nikaufanya mtihani wa Fasihi Simulizi kwa jicho moja.

Aliyenitibu hakunikemea. Aliniuliza tu, "Binti, na mswaki wako pia huwaazimisha wenzako?"

Tangu hapo nimejiwekea kanuni chache, nami nawausia wanagenzi wenzangu. Wanja ni wa mtu mmoja. Kabla ya kulala, uondolewe kwa pamba safi na mafuta mepesi, kisha uso uoshwe kwa sabuni isiyo kali. Rangi ya kope itupwe baada ya miezi mitatu hivi. Mafuta mapya ya uso yajaribiwe kwanza mkononi kwa siku kadhaa. Na wanja wa unga usiojulikana ulikotoka uepukwe, kwani baadhi ya wanja wa jadi husagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi, sumu isiyoonekana kiooni.

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kalamu ile tuliitupa jaani sote wanne; alama za mtihani ule ningali nazo.