Zamani Ipi?

Jumatano, 9 Julai

Shemegi kapiga simu. Anaruka tarehe 27, begini zimebaki kilo nne, na neno "kesho nitakwambia" hataki kulisikia tena. Ana haki. Lenzi zote mbili zipo London kwa muuzaji mmoja, na mimi nalala nazo kichwani tangu Ramadhani. Verito ya inchi 14 na nusu, au Rapid Rectilinear ya Dallmeyer, ya inchi 16. Zote mbili hazibebeki, wala hazilipiki.

Moyo uko kwa Verito. Wollensak wa Rochester waliitengeneza makusudi isione vizuri. Ukiifungua yote, f/4, kila kinachong'aa kinavaa utando wa nuru. Ukilibana tundu mpaka f/8 hivi, utando karibu wote unakwisha. Ukungu wa kupimia kwa kidole! Nani asiyeutaka? Lakini inchi 14 na nusu kwa f/4, piga hesabu: kioo cha mbele kinapita sentimita 9. Kamera yangu itarukuu.

Bei siandiki. Mke wangu hulifungua daftari hili, na shemegi ni kaka yake.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya sala nikapita Malindi kwa bibi. Kakubali kupigwa. Sharti lake moja: itoke kama ile ya mama yake, ile ya juu ya kabati la vyombo.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, natafuta lenzi ya ukungu ukungu, ya kizamani.

"Ukungu wa nini?"

Wa zamani, bibi.

"Hebu nishushie picha ile."

Nikaishusha. Akaipangusa kwa ncha ya kanga, akanipa. "Haya, nionyeshe ukungu. Kipini hicho. Marinda hayo, yahesabu."

Nikayahesabu. Picha yenyewe ukubwa wa kiganja, imepauka, ina doa la maji pembeni, muhuri wa studio nyuma umefutika. Lakini kipini kina nukta ya mwanga juu yake. Kwenye pindo la nguo uzi umekatika na unaonekana ulipokatikia. Miaka yote nimeiona picha hii na kuiita laini.

Nimerudi nyumbani nimenuna. Hata chai sikuimaliza.

Jumamosi, 12 Julai, usiku

Nimezitandika zote kitandani, nakala za studio za kale, za Gomes, za Coutinho, kila cha kale nilichonacho. Kali. Zote kali. Na kwa nini zisiwe? Bamba la kioo linalazwa juu ya karatasi, hakuna kukuza, kilichomo ndicho kinachotoka. Mwenye studio alilipia ukali kwa fedha taslimu.

Lenzi ya Petzval nayo. Siku hizi kila mtu anaitaka kwa kile kisulisuli kinachozunguka nyuma ya kichwa cha mpigwa picha. Wenyewe kisulisuli hawakukitafuta! Joseph Petzval aliichora Vienna mwaka 1840, Voigtländer akaitengeneza, na walichokuwa wakikimbizana nacho ni mwanga: mtu asikae dakika nzima amekaza shingo. Katikati inakata kama wembe. Kisulisuli kinakuja ukiipa bamba kubwa kuliko uwezo wake. Wao walichukua ndefu zaidi, na pembe zikibaki mbaya zinafichwa na fremu ya umbo la yai. Basi.

Ukungu una zamani yake nyingine kabisa. Ni wale wa mwisho wa karne ya 19 mpaka miaka ya 1920, waliotaka picha ihesabiwe sanaa pamoja na michoro. Pinkham & Smith, watengeneza lenzi kule Boston. Mpiga picha Kühn na wenzake, mpaka ikatoka Imagon ya Rodenstock na sahani zake za matundu. Wamefanya mazuri, siwakatai. Lakini wanahusiana nini na mama yake bibi?

Kwa hiyo natafuta zamani ipi? Sijui. Nakwenda kulala.

Jumapili, 13 Julai

Sokoni Darajani. Miwani ya kusomea, namba +3, shilingi elfu tano. Mita moja gawa kwa tatu: milimita 333. Lenzi!

Nimeling'oa jicho moja, nikalibandika kwenye kadibodi kwa utepe mweusi, tundu nikalikata kwa mkasi. Nikapiga jasmini ya uani. Lahaula. Maua yanawaka, kila ua na utando wake. Fokasi lakini ina ujanja: unachokiona kikali kwenye kioo cha nyuma sicho filamu inachokiona, maana kioo kimoja kitupu hakikusanyi rangi zote mahali pamoja, na filamu yangu, ya eksirei, haioni nyekundu. Nikaisogeza lenzi nyuma kuelekea filamu milimita chache, ikakaa.

Kwa hiyo ukungu ninao. Elfu tano.

Mke wangu kauliza miwani ya nani hii iliyovunjwa. Nimesema ya kazi.

Jumanne, 15 Julai

Majaribio kwa bibi, kwa lenzi yangu ya kisasa, si ya miwani. Kiti mlangoni, uso kwenye mwanga wa uani, mgongo ukutani asitikisike. f/11. Sekunde moja. Kashika pumzi bila kuambiwa.

Kavaa kanga nyekundu, ile ya Idi. Nikamwambia itatoka nyeusi. Hakuamini. Filamu ya eksirei haijui nyekundu, ndiyo maana naisafisha chini ya taa nyekundu bila hofu, na mabamba ya kale yalikuwa hivyo hivyo: nyekundu inazama, buluu inapauka, mbingu inatoka nyeupe pe. Kanga imetoka nyeusi tii. Na hapo, wallahi, nusu ya zamani ilikwishaingia ndani ya trei kabla sijagusa lenzi yoyote ya kale.

Nusu nyingine haimo. Vivuli vimeziba. Chini ya kidevu ni shimo. Ya mama yake kivuli kina hewa, unaona nguo ndani yake. Hii najua sababu yake. Lenzi yangu imepakwa dawa ya kuzuia mng'ao, jambo ambalo Smakula wa Zeiss alilianzisha mwaka 1935. Lenzi tupu, kila uso unaokutana na hewa unarudisha asilimia 4 au 5 ya mwanga, na mwanga huo hautoki wote nje, mwingine unatangatanga humo ndani na kuvifungua vivuli kidogo. Rapid Rectilinear ina vioo vinne vilivyogandishwa viwili viwili. Nyuso nne za kukutana na hewa. Kidogo tu. Si utando, ni pumzi.

Bibi kaiona picha. Kimya. Kisha: "Kali ndiyo kali. Lakini umenizeesha."

Bibi, una miaka themanini na.

"Mama alikuwa na makunyanzi?"

Mama alikuwa kijana pale, bibi!

"Hakuwa kijana. Alikwisha kunizaa mimi na wadogo zangu wote."

Eti kali, lakini isizeeshe. Hii lenzi inauzwa wapi?

Alhamisi, 17 Julai

NIMEIPATA. Nimeiazima ile picha, nikaiweka dirishani, nikaitazama kwa jicho la miwani lililobaki. Shavuni kuna vijistari. Vidogo mno, vimelala upande mmoja, vingine vimepinda kama mkia wa herufi. Chini ya macho vimejaa. Penseli! Fundi wa studio kakaa na negativi mbele ya dirisha, akachora juu yake kwa penseli iliyochongwa ncha ya sindano. Kila kunyanzi, lililokuwa jepesi kwenye negativi, kalijaza taratibu mpaka likalingana na jirani zake.

Kipini hakukigusa. Marinda hakuyagusa. Nyusi hakuzigusa. Kalainisha shavu, basi, kingine chote kakiacha na ukali wake.

Hilo Verito haiwezi. Verito haichagui: ikilainisha shavu inakilainisha na kipini. Na mimi nilitaka kuuza pikipiki kwa hilo.

Asubuhi nimejaribu penseli ya mwanangu ya shule kwenye negativi ya bibi. Risasi inateleza, haishiki. Lazima filamu ipakwe kitu cha kuipa ukakasi kwanza. Filamu ya eksirei ina dawa pande zote mbili, labda nipake upande mmoja na kuchora upande huo tu. Tutaona. Mkono unatetemeka kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 19 Julai

Mvua ya kipuuzi, umeme hakuna. Nimekagua lenzi za kabatini: ile ndogo ya 210 imeanza kuota kuvu ukingoni. Nimeianika juani lilipotoka kidogo. Bahari hii haitaki kioo.

Jumatatu, 21 Julai

Usiku shetani wa Verito alirudi. Julia Margaret Cameron, akaninong'oneza, zile sura laini za Waingereza, unazipendaje? Nikaamka nikafungua kitabu. Alianza na lenzi ya Jamin, ya mtindo wa Petzval. Mwaka 1866 akahamia kamera kubwa zaidi, na lenzi yake? Dallmeyer, Rapid Rectilinear, inchi 30. Ileile iliyotoka mwaka huohuo, mwaka ambao Steinheil kule Munich naye alitoa Aplanat yake, karibu pacha. Ulaini wa Cameron ni pozi za muda mrefu, watoto wanaopumua, na yeye mwenyewe kuacha kuzungusha fokasi pale alipopenda. Mkono wake.

Shetani kanyamaza.

Inchi 16 ni milimita 406. Kichwa na mabega kwa robo ya ukubwa wake, mfuko wa kamera unyooke sentimita 51 hivi; wangu unafika. Mwanga uongezwe zaidi ya nusu ya kipimo. f/8 kwa inchi 16, kioo hakizidi sentimita 5 sana. Kamera haitarukuu. Shata haina, lakini sekunde moja kwa kifuniko nimeshaizoea.

Nimemwandikia shemegi: "Chukua Dallmeyer. Ile nyingine iache, hata akikupunguzia. Tazama ndani kwa tochi: mikwaruzo midogo si neno, ukiona duara la rangi za upinde kati ya vioo, gundi imeachia, usilipe. Ivingirishe kwenye fulana, iweke begi la mkononi."

Kajibu: "Sawa. Na bei?"

Theluthi ya ile. Hii naiandika kwa herufi kubwa, mwenye kusoma asome: THELUTHI. Pesa nimetuma leo saa nne asubuhi. Kesho kwa seremala, ubao wa mninga, tundu alikate lenzi ikishafika.