Viti Vipya, Waya Kuukuu

Kamioneti yetu ni Hilux ya mwaka 1986. Tulianza na yale yanayoonekana: tukashona viti upya, tukatandika mpira chini, tukatia redio. Watu wakatusifu, nasi tukafurahi mno. Waya hatukuzigusa.

Usiku mmoja tulimchukua mama mwenye uchungu wa uzazi. Mteremkoni taa zikazimika. Akajifungua palepale, juu ya kiti kipya, kwa mwanga wa tochi. Wote wawili wazima.

Kesho yake fundi akakuta swichi imeungua. Taa mbili za wati 60 kwa volti 12 hula ampea 10, na zote zilipita katika swichi ile ndogo! Akafunga rilei, umeme mwingi ukapita njia yake, kwa waya nene yenye fyuzi karibu na betri. Kiti tulikiosha wenyewe.